Mchoraji wa Mlima na Watu Wake

Mtu akisimama Tindiga wakati wa alasiri, katika nchi hiyo iliyo baina ya Kilosa na Mikumi, akauelekeza uso wake upande wa machweo, huiona safu ya milima ya Rubeho imesimama kama ukuta. Kaskazini, nyuma ya Kilosa, iko milima ya Ukaguru. Na ng'ambo ya mbuga ya Mkata, upande wa mawio, iko milima ya Uluguru. Mkulima wa Tindiga hahitaji kuambiwa na mtu milima hiyo ina kazi gani. Mvua inyeshayo huko juu ndiyo iujazayo mto wa Mkondoa na mito mingine, ikashusha bondeni udongo na maji ya mpunga. Na mvua hiyo hiyo, ikizidi kiasi, huwa adui: mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliwatoa watu wa Kilosa majumbani mwao na kuibomoa reli ya kati.

Basi twauliza swali dogo. Mkulima huyo akiuza mpunga wake, akapata kitu, akataka kununua picha ya mlima aitundike sebuleni, atapata picha gani? Jibu twalijua sote, kwa kuwa picha hiyo tumeiona katika kalenda za kila mwaka. Ni picha ya Kilimanjaro: juu theluji, chini mbuga, mbele yake twiga au tembo. Ni picha nzuri, wala hatuna ugomvi na tembo. Lakini itazameni vyema. Hapana mtu ndani yake. Hapana mgomba, hapana mbuni, hapana mfereji wa maji, hapana moshi wa jiko. Ni kana kwamba mlima ule mkubwa, wenye urefu wa mita 5,895 na ulimwao na maelfu kwa maelfu ya watu, ni mahame yanayongoja mgeni aje kuyapiga picha.

Alikuwako Mtanzania mmoja aliyeuchora mlima huo kwa namna nyingine kabisa. Jina lake ni Sam Joseph Ntiro. Twaona yafaa wafanyakazi na wakulima wamjue, kwa maana maisha yake yana funzo linalotuhusu hata sisi tunaokaa mbali na Machame.

MLIMA WA WAGENI

Kwanza hatuna budi kukumbuka jinsi mlima huo ulivyoelezwa kabla yake. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliandika Ulaya kwamba ameona theluji juu ya mlima karibu na ikweta. Mtaalamu mmoja wa London aitwaye Cooley, ambaye hakuwa amekanyaga nchi hii, alikataa kuamini. Ubishi ukaendelea miaka mingi. Huku nyuma Wachagga wenyewe walikuwa wakiitazama theluji hiyo kila asubuhi, nao hapana aliyeona haja ya kuwauliza. Mwaka 1889 Hans Meyer alifika kileleni, akakiita kilele hicho kwa jina la mfalme wa Wajerumani. Jina hilo lilikaa hadi Uhuru. Tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha mwenge na bendera ya Tanganyika pale juu, na tangu hapo kilele kile chaitwa Uhuru.

Tumeyataja hayo kwa sababu moja. Mlima huweza kunyang'anywa kwa bunduki, lakini huweza pia kunyang'anywa kwa jina na kwa picha. Mtu akikuonyesha nchi yako mara elfu bila wewe kuwamo, mwisho wake utaanza kujiona mgeni ndani ya nchi hiyo.

MTOTO WA MACHAME

Sam Ntiro alizaliwa Machame, katika mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, mwaka 1923. Alikulia katika nchi ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo ambamo migomba hufunika mibuni kama mwavuli, na mifereji iliyochimbwa na wazee huchukua maji ya mlimani kutoka shamba hadi shamba. Alipokuwa mtoto wakulima wa mlima huo walikuwa wameanza kujiunga ili wauze kahawa yao wenyewe: chama chao cha kwanza kiliundwa mwaka 1925, na mwaka 1932 ukazaliwa ushirika wa KNCU. Kwa hiyo mlima alioujua Ntiro utotoni haukuwa pambo. Ulikuwa mahali pa kazi, mahali pa mashauri, na mahali ambapo kila kipande cha ardhi kilikuwa na mwenyewe.

Katika miaka ya 1940 alikwenda Makerere, Uganda. Huko alikuwako mwalimu mwanamke wa Kiingereza, Margaret Trowell, aliyekuwa ameanza kufundisha uchoraji mwaka 1937 nyumbani kwake, darasa likifanyika barazani. Bibi huyo alikuwa na imani iliyokuwa ngeni kwa Wazungu wengi wa siku zile: kwamba mwanafunzi wa Kiafrika hana haja ya kuiga picha za Ulaya, na aelezwe habari, ayafumbe macho, aone moyoni mwake mambo ya kwao, kisha ayachore hayo. Ntiro akawa mwanafunzi wake, na baada ya masomo akawa mwalimu papo hapo Makerere.

Mafundisho hayo yaliota mizizi ndani yake. Ntiro alichora kwa kukumbuka. Hakuketi mbele ya mlima akinakili kila jabali. Alikuwa mbali, Kampala na baadaye London, akaichota Machame kutoka kifuani. Hata kitabu alichokiandika kwa Kiswahili kuhusu watu wake, *Desturi za Wachagga*, kilichotoka Nairobi mwaka 1953, chaonyesha kwamba kwake yeye kalamu na brashi zilikuwa na kazi moja: kutunza habari za jinsi watu wanavyoishi pamoja.

LONDON HAIKUMBADILI

Mwaka 1952 alikwenda London katika chuo cha Slade, shule ya sanaa yenye sifa kubwa iliyoanzishwa mwaka 1871. Alikaa huko hadi 1955. Wengi waliokwenda katika shule za namna hiyo walirudi wakichora kama walimu wao. Ntiro alirudi akichora kama Ntiro. Alipofanya maonyesho ya picha zake mjini London mwaka 1955, watu wa mji ule waliikuta migomba, vilima na wanakijiji.

Kwa ndugu ambao hawakujaliwa kuziona picha zake, tutajaribu kuzieleza. Mara nyingi ardhi huinuka karibu mpaka ukingo wa juu wa picha, hata mbingu hupata nafasi ndogo, kama ionavyo macho ya mtu anayeishi mtelemkoni. Kijani ni kingi. Miti na vilima vimerahisishwa, havina madoido. Na ndani yake wamo watu, wadogo, wengi, nao wana shughuli: wanalima, wanabeba, wanajenga, wanakwenda sherehe. Sura zao hazikuchorwa kwa makini ili mtu aseme huyu ni fulani. Utawajua kwa kazi waifanyayo, na kwa jinsi wanavyokwenda pamoja.

Picha yake iliyovuka bahari na kupata jina kubwa kuliko nyingine aliichora mwaka 1956. Yahusu wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi wakati wa usiku. Picha hiyo ilinunuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la mjini New York mwaka 1960, kabla Tanganyika haijapata Uhuru wake. Fikirini jambo hilo. Katika jumba ambamo hutundikwa kazi za wachoraji mashuhuri wa Ulaya na Marekani, iliingia mbege ya Wachagga, tena ikiwa njiani kwenda kwa bibi harusi! Ntiro hakuwapelekea Wamarekani simba. Aliwapelekea adabu ya watu wa kwao: kwamba mtu haoi peke yake, na kwamba ndoa ni mzigo unaobebwa na jamaa wote.

Wako waliosema kwamba uchoraji wake ni wa kitoto, kwa kuwa haufuati sheria za vivuli na umbali zinazofundishwa Ulaya. Tena Bibi Trowell alipostaafu mwaka 1958, Ntiro alishika nafasi yake kwa muda mfupi. Kisha akaja Cecil Todd, na mafunzo ya Makerere yakachukua mwelekeo mwingine, wa kuwajulisha wanafunzi mitindo ya kisasa ya Ulaya. Hatuna nia ya kumlaumu yeyote. Mwanafunzi ana haki ya kujua yote yaliyoko duniani. Lakini mtu aliyesoma Slade miaka mitatu hawezi kusemwa kwamba hakuijua sheria ya vivuli. Aliijua, akaona haimfai kwa kazi yake. Fundi anayeiacha zana kwa kuijua si sawa na fundi asiyekuwa nayo.

PICHA NA ARDHI

Yatupasa pia tuutazame wakati ambao picha hizo zilizaliwa. Mwaka 1951, katika mlima wa Meru ulio jirani na Kilimanjaro, serikali ya kikoloni iliwafukuza wakulima wa Kimeru kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Nyumba zilichomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasilisha malalamiko ya wenzake mbele ya Umoja wa Mataifa. Kilimanjaro kwenyewe ardhi ilikuwa imebana. Sehemu za chini zilikuwa na mashamba ya walowezi, na sehemu za juu zilikuwa msitu wa serikali.

Hatusemi kwamba Ntiro alichora kwa ajili ya kesi ya ardhi. Twasema tu kwamba katika siku ambazo mlowezi alidai milima hii ni mitupu, au kwamba wenyewe hawajui kuitumia, kujaza turubai kwa watu wanaoulima mlima wao kulikuwa ni ushahidi. Kila jembe katika picha zile lasema: hapa pana watu.

Kwa haki, twaongeza neno la upande wa pili. Katika picha hizo amani ni nyingi kuliko ilivyokuwa kweli. Mlimani kulikuwako magomvi ya mipaka, ugomvi wa bei ya kahawa, vijana wasio na kihamba, na wanawake waliobeba mizigo mizito kuliko waume zao. Ntiro alichagua kuchora ushirikiano wa watu wake, na mtu akitaka kuyajua machungu yao hana budi kuyatafuta kwingine pia. Lakini hapana mchoraji awezaye kuchora yote, na lile alilolichagua si uongo.

MTUMISHI WA WATU

Baada ya Uhuru nchi ilikuwa na wasomi wachache, na kila mmoja alipewa mzigo zaidi ya mmoja. Ntiro aliteuliwa kuwa Balozi wa Tanganyika mjini London. Mwaka 1952 alikuwa ameingia mji ule akiwa mwanafunzi kutoka nchi inayotawaliwa. Sasa aliingia akiwa mwakilishi wa nchi huru. Alikaa katika kazi hiyo hadi mwaka 1964.

Baadaye alikuwa Kamishna wa Utamaduni katika serikali ya Tanzania. Msomaji atakumbuka kwamba Mwalimu Nyerere, alipoapishwa kuwa Rais mwezi wa Desemba 1962, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akasema kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Kuifanya kauli hiyo iwe kazi ya kila siku, yenye mafaili na mikutano, kulihitaji mtu aliyeijua sanaa kwa mkono wake. Ntiro alikuwa mtu huyo. Kisha akarudi katika kazi aliyoipenda tangu ujana, ualimu, akafundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Muda wote huo hakuitupa brashi. Alifariki dunia mwaka 1993.

Haifai kumtaja yeye bila kumtaja mkewe. Mwaka 1958 alimwoa Sarah Nyendwoha wa Bunyoro, Uganda, aliyekuwa amehitimu Oxford mwaka 1954, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata digrii ya chuo kikuu. Aliporudi na kuanza kufundisha, akaona anapewa mshahara mdogo kuliko wa wanaume, aliukataa mshahara ule mpaka haki ikatendeka. Wafanyakazi wenzetu wanaodai ujira ulio sawa kwa kazi iliyo sawa na walitie jina hilo moyoni. Nyumba hiyo ilikuwa na walimu wawili, na kila mmoja alikataa kupunguzwa kwa njia yake.

MBEGU ILIYOANGUKA

Miongoni mwa waliosoma Makerere katika miaka ile ya 1950 alikuwa Elimo Njau, kijana wa Marangu, upande mwingine wa mlima ule ule. Mwaka 1959 Njau alichora picha kubwa tano ukutani katika kanisa la Fort Hall, sasa Murang'a, nchini Kenya, kanisa lililojengwa kuwakumbuka waliouawa katika vita vya Mau Mau. Alichora maisha ya Yesu, lakini aliyaweka katika vilima na miti ya nchi ile ile ya Wakikuyu. Ntiro naye alikuwa amechora habari za Injili kwa namna hiyo, watu wa Biblia wakitembea katika nchi ya Afrika. Baadaye Njau alianzisha nyumba ya sanaa Marangu, na mwaka 1965 yeye na wenzake wakafungua Paa ya Paa mjini Nairobi. Hivyo ndivyo mbegu ienendavyo: mtu mmoja huchora mlima wake kwa haki, na jirani hupata ujasiri wa kuchora wa kwake.

FUNZO KWA TINDIGA

Sasa turudi tulikoanza. Picha mashuhuri ya Ntiro iko New York. Nyingine zimetawanyika katika majumba na nyumba za watu ng'ambo. Mtoto wa Machame akitaka kuiona picha ya pombe iliyobebwa na babu zake itampasa avuke bahari, na mtoto wa Tindiga hajui hata kama picha hiyo ipo. Hatumlaumu mchoraji kwa kuuza. Mchoraji ni mfanyakazi, naye hula kwa jasho lake kama mkata mkonge wa Kimamba. Tunajilaumu sisi tuliokuwa hapa hapa tusinunue. Tulijua kununua kalenda.

Yafaa tufanye nini? Kwanza, picha za Ntiro zilizomo nchini zitunzwe kama mali ya umma, na nakala zake zipelekwe shuleni. Nakala moja iliyotundikwa darasani yaweza kumfundisha mtoto habari za kazi na umoja kuliko hotuba tatu. Pili, mwalimu anayempa mtoto wa Kilosa karatasi na rangi asimwambie achore theluji ambayo hajaiona. Amwambie achore Rubeho: mvua ikishuka, Mkondoa ukifurika, mama zake wakipandikiza mpunga, reli ikipita, na baba zake wakirudi jioni. Tatu, vyama vya wafanyakazi na vya ushirika, ambavyo hununua viti na mapazia kwa ajili ya ofisi zao, vinunue na picha za vijana wa mahali pao. Bei ya picha moja haizidi ya karamu moja.

Wako watakaosema kwamba mtu mwenye njaa hali picha. Ni kweli. Lakini mtu aliyezoea kuiona nchi yake bila yeye mwenyewe kuwamo huwa mwepesi wa kuamini kwamba nchi hiyo si yake, na siku ya kugawa ardhi na maji atakaa pembeni kama mgeni. Ntiro alilijua hilo, ndiyo maana hakuuacha mlima peke yake.

Jua likitua nyuma ya Rubeho, watu wa Tindiga hutoka mashambani kurudi majumbani mwao, majembe begani, milima ikiwa mieusi nyuma yao. Picha hiyo imekamilika tayari. Kilichobaki ni kijana mmoja wa huko kuishika brashi, na sisi wengine kuwa tayari kuinunua.